Jinsi Bwana Alivyoniondolea Bastola Mfukoni

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyeuona mfuko wangu kabla ya binadamu yeyote kuuona. Asifiwe leo, na kesho asifiwe tena.

Mimi ni Wakesho, na wengi wenu mlinisindikiza siku ile nilipoondoka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Niliporudi kabla ya mkataba kuisha, mlisema mengi. Wengine mlisema nimeiba dhahabu ya madam. Wengine mlinitazama tumbo. Sikumjibu mtu, kwa sababu ukweli ulikuwa mbaya kuliko huo uvumi wenu. Nilirudishwa kwa sababu nilikuwa natembea na bastola. Tafadhali kaeni, mama zangu, leo nimekuja na Biblia tu.

Nilikuwa nafanya kazi Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa madam mwenye watoto wanne. Hakuwa mtu mbaya. Chakula nilikula na mshahara ulikuja. Lakini kule wana desturi ya kuazimana mfanyakazi, kama sisi hapa tunavyoazimana kinu. Dada yake madam alikaa mitaa mitatu mbele, na kila siku saa nane mchana, nikimaliza vyombo, nilivaa abaya yangu, lile baibui la kule, nikaenda kwake kwa miguu kupiga pasi.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi saa nane ya Riyadh. Watu wote wamelala baada ya chakula. Maduka yamefungwa. Vumbi limesimama hewani, halipandi wala halishuki, na husikii kitu ila mashine za baridi zikinguruma madirishani. Nilikuwa natembea katikati ya usingizi wa watu wengine. Siku nyingine nilitazama miguu yangu nikajiuliza kama ni mimi ninayetembea, au nimelala mahali naota kwamba niko Saudia. Niliipenda saa ile, nisiwafiche. Ilikuwa saa yangu pekee ya kuimba.

Kisha likaja gari jeupe. Lilinifuata polepole, dirisha limeshushwa nusu. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Siku ya nne mwanamume alishuka, akanishika mkono akanivuta kuelekea mlango uliokuwa wazi. Sikupiga kelele, sauti ilikataa kutoka, kama inavyokataa ndotoni. Lori la maji likapinda kona, dereva wake akapiga honi, na yule mtu akaniachia. Nilifika kwa dada yake madam nikapiga pasi mashati kumi na mawili bila kuunguza hata moja.

Jioni nilimwambia madam. Alikuwa anatafuta chaja ya simu chini ya mito. Akasema, "Mafi mushkila, Wakesho, hakuna shida. Wewe tembea haraka, yalla."

Mimi ni mtu wa hasira, mnanijua tangu shule. Nikasema moyoni, kama hakuna wa kunilinda, nitajilinda. Aliyeniuzia ile bastola simtaji, nimemwombea na nimemwachia Mungu. Kilikuwa kitu cha bei rahisi, kimechubuka chubuka, mpini umezungushiwa utepe mweusi, na ndani mna risasi mbili. Sikujua hata kama inafanya kazi. Nilijua tu kwamba nikikamatwa nayo ni jela, tena si jela ya kutoka kesho. Nilishona mfuko ndani ya abaya, upande wa kulia, nikaitia humo.

Lile gari halikurudi tena. Mngedhani nilifurahi. Ndugu zangu, ndipo mateso yalipoanza! Nilienda nayo kutupa taka. Nilienda nayo kununua mkate. Nilisimama nayo nje asubuhi nikingoja basi la shule pamoja na watoto. Abaya iliinama upande mmoja mpaka madam akaniuliza kama nyonga inaniuma. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini mimi nilishtuka hata pasipo na unyasi. Muuza mkate nilimwona ni yule mtu. Mfagiaji wa barabara, mzee wa watu anayenisalimia kila siku, nilimwona ni yule mtu. Kuimba kukaisha. Kuomba nako kukaisha, kwa sababu nikifumba macho tu, mkono wangu ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe.

Nikaanza kuota nikiwa nimesimama. Napiga pasi, mvuke unapanda, na mara namwona mama yangu marehemu amekaa jikoni kwetu na ungo mapajani, anachambua maharagwe. Nasogea. Kumbe si maharagwe, ni risasi. Anazichambua kwa utulivu, mbovu anatupa, nzima anaweka sufuriani, na ananiambia nichochee moto. Nazinduka, pasi iko mkononi, nguo inaanza kunuka. Ndoto hiyo ilinijia mara nyingi, na kila mara nilikuwa nakaribia kuchochea.

Shule zilipofungwa, tulisafiri kwenda Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nyumbani kwa mama yake madam. Tulikatiza jangwa mchana kutwa, watoto wamenilalia huku na huku, na kile kitu kiko kati yangu na binti yao mdogo. Nilimtazama yule mtoto akipumua juu ya chuma. Wallahi, kama wasemavyo kule, hapo ningepaswa kuelewa. Sikuelewa.

Jeddah hewa ni nzito na ina chumvi, mchana unakwenda taratibu. Nyumba ya pili ilikuwa ya Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari ambaye jamaa zake walihamia kule baada ya Mapinduzi ya sitini na nne. Nyumba zilishikana ukuta, na uani palikuwa na mlango mdogo wa kupitia. Siku ya kwanza kumsikia akisema Kiswahili nililia. Nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka bila kumwambia mtu shikamoo. Nilimwambia shikamoo tatu mfululizo, naye akaitikia zote tatu. "Marahaba, marahaba, marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivi, huli?"

Alikuwa akilea mjukuu wa miaka mitano, Salma. Huyo mtoto kazi yake ilikuwa kuchakura mfuko wa baibui la bibi yake, kwa sababu ndimo peremende zilimokuwa. Hata bibi akiwa amekaa na wageni, mkono wa Salma umo mfukoni.

Siku moja mama yake madam alialika wanawake baada ya chakula cha mchana, naye Bi Zuhura akaja na Salma. Kule wanawake wakiingia ndani huvua abaya zao, na mfanyakazi huzipokea na kuzitundika. Kisha wageni wanapokaribia kuondoka, zinafukizwa udi ili kila mmoja atoke akinukia. Nilikuwa nimezipanga zote ukutani, nyeusi tupu, nazipitishia chetezo moja baada ya nyingine. Mama yake madam akapita akanitazama, akatabasamu. "Na yako pia, binti. Ilete."

Ulikuwa wema tu. Abaya yangu alikuwa amenipa madam mwenyewe, nzuri, haina tofauti na za wageni. Ningesema nini? Alisimama pale akinisubiri. Niliileta, nikaitundika mwisho kabisa, nikaifukiza na bastola yake ndani. Kisha nikaitwa jikoni kuosha vikombe vya kahawa.

Adhana ya alasiri ilikuwa inakaribia, wageni wakaondoka. Niliporudi, adhana ilikuwa imeshatoka, na ukutani ilibaki abaya moja. Niliigusa nikajua si yangu. Ilikuwa nyepesi. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa peremende mbili.

Ndugu zangu, nilikaa chini sakafuni. Nilielewa yote kwa mara moja. Bi Zuhura alikuwa anaagana na wenzake, akamtuma Salma amchukulie baibui lake, na kwa kuwa nyumbani kwake ni kupitia mlango wa uani tu, hakulivaa. Mtoto alilikumbatia akaenda nalo. Na sasa mtoto yule yuko mahali na mfuko wangu, naye hajawahi kuacha kuuchakura mfuko hata siku moja.

Nilikimbia. Nilipita uani kichwa wazi, bila viatu, sakafu inachoma. Masikio yangu yalikuwa yanangoja mlio. Kila hatua nilikuwa nausikia mlio ambao haujalia.

Sebuleni kwa Bi Zuhura mapazia yalikuwa yameshushwa, mwanga ni wa kahawia. Yeye alikuwa juu ya msala, anaswali. Na nyuma yake, juu ya kochi, Salma amelala. Alikuwa amejifunika abaya yangu kwa sababu ya baridi ya mashine, na mkono wake wa kulia umeingia ndani ya mfuko hadi kiwiko.

Nilipiga magoti. Niliinua kitambaa polepole. Alikuwa ameishika. Amelala nayo kama watoto wanavyolala na mwanasesere, mdomo wa ile bastola umeelekea shingoni kwake, na kidole chake cha shahada kimeingia pale pa kufyatulia.

Ningeivuta, kidole kingevutika nayo. Ningemwamsha, angeshtuka. Sikujua kama kitu kile kinafanya kazi, na sasa nilikuwa naomba kiwe kibovu, mimi niliyekitegemea kiwe kizima. Hapo ndipo nilipoomba, baada ya miezi. Sikuwa na maneno. Nilisema, "Baba, mkono huu. Mkono huu tu." Bi Zuhura alikuwa anainama na kusujudu, nguo zake zinatoa mchakacho mdogo. Mimi niko magotini kwa Mungu wangu, nikipumua pamoja na mtoto. Akivuta pumzi navuta, akishusha nashusha. Sijui ilikuwa muda gani. Naweza kuwaambia kila ua la kochi lile.

Kisha Salma akaguna, akatabasamu usingizini, na vidole vikalegea. Kimoja. Viwili. Cha shahada kikawa cha mwisho. Bwana asifiwe! Nilikitoa kile kidole kwa vidole vyangu viwili, nikaichukua bastola, nikaiweka mbali na mtoto, nikatapika kwenye kanga yangu.

Bi Zuhura akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa. Aliitazama bastola. Alimtazama mjukuu wake. Uso wake ulizeeka mbele yangu.

"Kitu chako hichi?" akauliza.

"Changu, Bibi."

Nilingoja anipige. Akainuka, akaukunja msala wake. Kisha akasema, "Mie nililetwa huku mtoto mdogo. Baba yangu alikuwa nayo, kubwa kuliko hiyo, ikikaa juu ya kabati. Siku walipokuja, hakulifikia hata hilo kabati." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nikisema mie, itakuwa nimekushitaki. Ukisema wewe, itakuwa umetubu. Inuka, twende kwa madam wako."

Tulikwenda. Majuto ni mjukuu, nami wangu nilikuwa nimemwacha amelala kwenye kochi, mzima. Nilimweleza madam kila kitu, gari jeupe, mkono wangu, mfuko, Salma. Alishika kichwa. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia kuhusu yule mtu?"

"Nilikuambia, madam. Ulisema nitembee haraka."

Alikaa kitandani akatazama ukuta, na nikaona amekumbuka.

Mume wa madam aliporudi alifoka mpaka vioo vikatetemeka. Bi Zuhura alimjibu kwa Kiarabu chao cha Hijazi, kwa upole, muda mrefu, mimi nikishika neno moja moja: mtoto, hofu, Mungu. Yule baba aliichukua bastola akaipeleka mwenyewe kwa wenye mamlaka. Alichowaambia sikijui mpaka leo. Mimi nilifungiwa chumbani siku mbili, na nawaambia kweli, nililala usingizi wa mtoto mchanga. Nilingoja jela nikiwa nimelala. Siku ya tatu alifungua mlango, ana karatasi yangu ya kutoka nchini. "Halas," akasema. Imekwisha.

Madam alinisindikiza mwenyewe uwanja wa ndege. Aliponikabidhi pasipoti alisema, huku akitazama pembeni, "Atakayekuja baada yako hatakwenda kwa miguu. Nimemwambia dereva."

Ndugu zangu, sisemi kwamba siogopi tena. Jana nilitoka sokoni peke yangu, pikipiki ikapunguza mwendo nyuma yangu, na moyo ukaruka. Mkono ulikwenda ubavuni, haukukuta kitu. Nikaomba huku natembea, na niliomba kwa sauti, watu wakanishangaa. Nashukuru kwa kuwa naweza kuogopa na kuomba. Namshukuru Mungu kwa Salma, ambaye mwezi ujao anaanza shule na hajui lolote.

Na wewe uliyekaa hapa leo, najua upo. Una panga chini ya kitanda, una kitu kiunoni, na umeshakizoea. Sitakuambia huna sababu, mimi nilikuwa nayo. Nakuambia tu kwamba kitu hicho hakijui aliyekutisha ni nani na mtoto wako ni nani. Mungu anajua. Ibada ikiisha nitabaki kwenye benchi hili la mbele mpaka mtu wa mwisho aondoke. Njoo ukae karibu yangu. Si lazima useme.