Barua Kuhusu Ngitili ya Guku

Maduhu: Haloo! Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, huku kuna mashine!

Asteria: Ni mimi Asteria, kaka. Shikamoo.

Maduhu: Marahaba, mayu! Mwangaluka. Mbona namba ngeni?

Asteria: Mwangaluka. Simu ya Mama Bernadina hii, mkutubi wa hapa maktaba. Yangu imezima. Kaniambia dakika chache tu, nisimmalizie salio.

Maduhu: Maktaba tena! Wewe utaota ukungu kama hayo makaratasi yako. Shinyanga yote hakuna kazi nyingine?

Asteria: Cheka tu. Kaka, nimemwona Guku.

Maduhu: Umemwona nani?

Asteria: Guku Mageni. Babu yetu. Yumo kwenye faili la bwana shauri, yule wa serikali ya Mwingereza, la mwaka thelathini na saba. Mimi nilikuwa natafuta habari za ngitili kwa ajili ya utafiti wangu, wazee walivyokuwa wanafunga malisho, nani alikuwa anaamua. Nafungua faili limekula vumbi, nakuta barua ya karani wa mtemi. Chini kuna dole gumba. Pembeni wameandika, dole la Mageni mwana wa Luhende.

Maduhu: Weee!

Asteria: Nimelia pale mezani mpaka watu wakanigeukia.

Maduhu: Guku! Hata kushika kalamu hakujua, leo ni mtu wa maktaba. [anacheka] Sasa mama ukimwambia hatalala —

Asteria: Subiri, bado sijamaliza. Kaka, hizo kelele ni za nini?

Maduhu: Zipi?

Asteria: Hizo. Uko wapi?

Maduhu: Niko hapa hapa nyumbani. Wanapukuchua mahindi.

Asteria: Mahindi gani mwezi wa pili? Si bado yako shambani yana ndevu?

Maduhu: [mtandao unakwaruza] ...sikusikii vizuri, mayu, nitakupigia —

Asteria: Unanisikia. Usikate! Ile ngitili ya Guku kule kilimani bado imefungwa?

Maduhu: Kwa nini unauliza?

Asteria: Nijibu.

Maduhu: Imefungwa... Imefungwa upande wa chini.

Asteria: Na upande wa juu?

Maduhu: Huko juu... ee...

Asteria: Kaka Maduhu.

Maduhu: Tumefungua duara, shimo la dhahabu. Dogo tu. Asteria, usianze! Kila mtu huku anachimba. Kuanzia Kakola mpaka huku kwetu watu wanajenga nyumba za bati la rangi, sisi tukae tunalinda nyasi? Na hatukuingia kihuni. Tulimwita mganga. Tulitoa kondoo mweupe, tukamwaga pombe, tukaomba kwa majina ya wazee wote mpaka huyo Luhende. Mambo ya kimila tumeyamaliza.

Asteria: Guku alisema jembe lisiingie pale. Ng'ombe waingie, jembe lisiingie.

Maduhu: Kwa sababu ya mizimu. Na mizimu tumeshaiomba. Sasa tatizo nini?

Asteria: Mmefika futi ngapi?

Maduhu: Mia na ishirini. Na nikwambie, mayu, mambo yanaelekea. Unakumbuka Guku tulipokuwa wadogo? Ukienda safari anapiga funda la maji, anakupulizia usoni, puuu! Ndiyo baraka hiyo. Basi juzi asubuhi ukuta wa duara umeanza kutoa jasho. Mwamba mkavu, unatoa jasho! Mganga kashuka mwenyewe, kaulamba, kasema wazee wamepokea, wanatupulizia. Jana ikawa michirizi kabisa. Vijana wamejipaka usoni.

Asteria: [anafunua kurasa za daftari]

Maduhu: Haloo? Umepotea?

Asteria: Ilianza juzi?

Maduhu: Juzi, ndiyo.

Asteria: Kaka, naomba usinikatize. Nimeinakili ile barua kwenye daftari. Nakusomea kama ilivyo.

Maduhu: Soma haraka, wananiita —

Asteria: "Kwa Bwana Shauri, salamu sana. Nakuarifu habari ya shimo la dhahabu la yule Mzungu hapa kilimani. Siku ya kwanza ukuta ulitoa jasho. Siku ya pili ikawa michirizi. Watu walimwambia Mzungu, naye akasema fanyeni kazi. Siku ya tatu maji yalitoboa ubavuni kwa nguvu sana. Watu kumi na mmoja walikuwamo."

Maduhu: Shimo gani la Mzungu? Kilimani hakujawahi kuwa na shimo.

Asteria: "Hatukuweza kuwatoa hata mmoja. Maji yamejaa mpaka karibu na juu. Mzungu amehama. Wazee wameziba mdomo wa shimo kwa magogo na udongo, na juu yake tumefunga ngitili ili nyasi zipafunike. Ng'ombe wataingia, jembe halitaingia. Mlinzi ni Mageni mwana wa Luhende, ambaye ndugu zake wawili wamo ndani."

Maduhu: Mageni... Guku?

Asteria: Ndilo dole lake hilo.

Maduhu: Ndugu zake wawili?

Asteria: Kaka, lile shimo lina maji mpaka leo. Ni kama pipa limezikwa, na nyinyi mnatoboa ubavu wake.

Maduhu: Mbona hakutuambia? Mzee kakaa nasi miaka yote ile, mbona hakutamka?

Asteria: Alitamka. Alisema kuna watu mle, waacheni. Sisi ndio tukasema mizimu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza watu gani.

Maduhu: Lakini mganga aliulamba ule ukuta, Asteria. Aliulamba mbele yetu.

Asteria: Ulikuwa na ladha gani?

Maduhu: Sijui! Alitema. Akasema unanuka kama yai viza, lakini...

Asteria: Maji yaliyolala miaka tisini yatanukaje? Leo ni siku ya tatu! Nani yuko chini?

Maduhu: Wanatoboa matundu ya baruti tu, wakimaliza wata —

Asteria: Baruti! Kaka, nani yuko chini? Watoe sasa hivi! Wako wangapi?

Maduhu: Watatu. Donatus... Eustace...

Asteria: Na nani?

Maduhu: [mtandao unakwaruza] ...niwatoe kwanza, halafu —

Asteria: Na nani, kaka?

Maduhu: Mayu, naomba usipige kelele.

Asteria: Sipigi kelele. Nani wa tatu?

Maduhu: Alinikataza nisikwambie. Alisema mke wangu anasoma, nikimwambia atakimbia aje huku, aache masomo. Alitaka mpaka tupate.

Asteria: Davis yuko Kahama. Mume wangu yuko Kahama, anafunga umeme kwenye nyumba ya mtu. Jana ameniambia mwenyewe.

Maduhu: Jana alikupigia kutoka hapa. Alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Asteria: Yesu wangu.

Maduhu: Namtoa! Nakwenda mwenyewe! — We! We Paulo, zima drili! Vuta kamba ya ishara! Mara tatu, vuta mara tatu! — We Sikujua! Njoo ushike simu, usikate!

Asteria: Kaka! Kaka?

Sikujua: Haloo, dada. Shikamoo.

Asteria: Nani wewe?

Sikujua: Sikujua, mama ntilie wa hapa. Nawapikia wachimbaji. Kaka yako kakimbilia duarani, kaacha na kiatu kimoja. Kuna nini?

Asteria: Unaliona duara ulipo?

Sikujua: Naliona, hatua ishirini hivi.

Asteria: Niambie unachokiona. Chochote.

Sikujua: Mashine imezimwa. Wanavuta kamba ya ishara. Wanangoja wajibiwe na walio chini.

Asteria: Wamejibiwa?

Sikujua: Bado... Ee! Kamba imecheza. Wamejibu, dada! Wanapanda!

Asteria: Asante Mungu. Waambie waache kila kitu, wasibebe hata nyundo.

Sikujua: Kaka Maduhu anawapigia kelele hivyohivyo. Dada, kuna kitu.

Asteria: Nini?

Sikujua: Duara linapumua.

Asteria: Linapumua vipi?

Sikujua: Upepo unatoka chini. Maturubai yanainuka. Unanuka, jamani... Watu wanarudi nyuma. Na kuna mngurumo, kama roli linakuja, lakini barabarani hakuna kitu.

Asteria: Wametoka?

Sikujua: Mmoja! Mmoja katoka, wanamvuta mikono. Ni Donatus. Kalowa mwili mzima.

Asteria: Davis?

Sikujua: Anakohoa tu, hawezi kusema — tulieni jamani asikike! — Anasema walikuwa nyuma yake. Eustace, halafu Davis. Davis alimpisha Eustace kwenye ngazi.

Asteria: Alimpisha.

Sikujua: Anasema hivyo.

Asteria: Eustace je?

Sikujua: Nasogea nione... Eustace huyo! Katoka! Kapasuka kichwa lakini yu hai. Dada, maji nayaona. Yameshafika kwenye matimba ya juu, haya magogo ya ukutani. Ni meusi.

Asteria: Na mume wangu?

Sikujua: Ngoja, dada...

Asteria: Sikujua, usiningojeshe, mimi niko mbali. Mume wangu yuko wapi?

Sikujua: Eustace anasema Davis alijifunga kamba kiunoni. Kamba ipo, kaka yako kaishika na wenzake sita. Imekaza, haiji. Imekwama kwenye kitu.

Asteria: Inacheza?

Sikujua: Ilicheza. Sasa hivi sijui, wanaivuta wote siwezi kujua. [mtandao unakwaruza] ...wengine wanasema waiachie, kingo zinamomonyoka, watakwenda wote. Wanagombana. Mmoja kaiachia. Wawili. Kaka yako analia, dada, anasema nikuulize.

Asteria: Aniulize nini?

Sikujua: Hiyo barua ya zamani. Ya wale wa kwanza. Anasema labda hukumsomea yote; mbele haisemi kama kuna hata mmoja aliyetoka, na alitokaje?

Asteria: [kimya]

Sikujua: Dada? Wananiangalia wote hapa. Nimwambie nini?

Asteria: Salio linalia.

Sikujua: Haraka basi! Inasemaje?

Asteria: Mwambie... mwambie inasema hawakuiachia kamba. Walivuta. Maji yakatulia, na waliokuwa kwenye kamba walitoka.

Sikujua: Imeandikwa hivyo?

Asteria: Imeandikwa.

Sikujua: Na dole la mzee wenu lipo?

Asteria: Lipo. Nenda, Sikujua, nenda kawaambie! Waambie ni maneno ya Guku!

Sikujua: Haya dada, nakimbia — Kaka Maduhu! Barua inasema vuteni! Vuteni, walitoka, barua inasem