Mwalimu wa Najma Yuko Kwenye Simu

Kwenye treni ya Pugu, Erasmus, seremala wa Keko, alikaa mkabala na kina mama wawili wasiojuana, akawasikiliza bila haya.

"Mtoto afundishwe na simu kuongea? Unachezewa, mdogo wangu," alisema Tekla, aliyevaa sare ya unesi. "Mpeleke kliniki akaonwe na mtu."

"Kwani mwalimu wa kwenye simu si mtu?" alijibu Mwanakombo. "Katutazama kwenye video, kaliona kosa langu. Mwanangu Najma akinyoosha kidole tu, mie nishampa kikombe. Miaka minne hajawahi kuomba kitu. Mwalimu kaniambia nikishike kikombe, nimtazame, nihesabu moyoni hadi kumi."

Erasmus aliwaza kwamba kunyamaza hadi kumi kungewashinda wengi humo behewani.

Mwanakombo akawasha video aliyomrekodi Najma. Ikasikika pumzi ya mtoto, kimya kirefu, kisha: "Maji."

Erasmus, asiyelia hata msibani, alijikuta amevua kofia.

"Neno moja tu," alisema Tekla, sauti imeshuka.

"Ndo la kwanza, dada."

Treni ikasimama Pugu. Watu wakainuka, Tekla akabaki kitini.

"Mie bado nasema kliniki," alisema. "Hebu irudie."