Skrini Mpya na Barua ya Dada Jicho

Mgeni rasmi, ambaye pia ni bosi wetu, mwenye studio hii na mwenye ile skrini iliyofungwa utepe pale mezani,

Sisi wafanyakazi sita wa studio ya picha tunakukaribisha katika chumba cha uhariri. Viti ni vitano, kwa hiyo mpiga picha za pasipoti atasikiliza akiwa amesimama. Tumefurahi umeamua kuizindua skrini hii rasmi, ingawa tumeitumia wiki nzima na tayari imeshamponza mtu. Mtu huyo ni mhariri wetu wa picha, dada tunayemwita Jicho, ambaye kesho saa nne anatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini asifukuzwe kazi.

HISTORIA FUPI

Skrini ya zamani ilikuwa na mstari mweusi katikati, lakini rangi zake hazikuwa zikisema uongo. Ilipokufa tuliomba nyingine ya bei nafuu, inayofaa kuhariri picha. Wewe ukaongeza sharti: ifae na gemu pia, maana kila mchana mlango wa chumba hiki ukifungwa tunakusikia ukimfokea refa. Hatukukataa. Gemu si dhambi.

Ukaenda dukani na Jicho. Muuzaji akawaonyesha mbili, bei ileile. Ya kwanza ilikuwa bapa, picha haikwami kwenye gemu, na rangi zake zimepimwa kiwandani, karatasi ya vipimo imo ndani ya boksi.

"Bosi, hii inafanya kazi zote mbili," Jicho akasema.

Wewe ukauliza, "Mbona nyuma haiwaki taa?"

Basi ikaja ya pili, iliyopinda, yenye taa nyekundu mgongoni zinazoutazama ukuta.

MAFANIKIO

Yapo, tusiwe wachoyo wa shukrani. Ukuta umependeza. Juzi tulisikia umeshinda saba bila. Hongera sana.

CHANGAMOTO

Rangi, bosi! Skrini hii inakoleza kila kitu, wekundu zaidi, na ukisogeza kiti kidogo tu, uso wa mtu unabadilika. Jicho akabuni njia yake: anapunguza wekundu, anachapa kipande, anakimbia nacho mlangoni akitazame kwenye mwanga wa jua, anarudi kurekebisha. Kwa albamu moja ya harusi alikimbia mara arobaini na moja. Mara ya arobaini na mbili mvua ikanyesha, akaiamini skrini.

Gauni jeupe likatoka la kijani, na bibi harusi mwenyewe rangi ya majivu. Mama yake akaitupa albamu pale mapokezi: "Mwanangu nimemwozesha, sijamzika!"

Ukamwandikia Jicho barua ya kujieleza, kosa "uzembe wa macho". Jamani! Miaka tisa macho hayo yameilisha studio hii. Tumeumia, na tunakwambia wazi. Tulipolalamika ulitujibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini jembe hili hatukulichagua sisi, ulilichagua wewe.

MAOMBI

Kwanza, barua ya Jicho ifutwe leo, mbele yetu. Pili, duka linakubali kubadilisha bidhaa ndani ya siku nane, na leo ni ya saba. Ile ya kwanza bado ipo, tumepita asubuhi kuhakikisha. Gemu lako litachezeka vizuri tu, ila ukuta utakosa taa.

Mwisho tuna zawadi. Ni picha yako, ile unayotaka itundikwe mapokezi. Jicho hakuigusa. Jana ulikaa mwenyewe mbele ya skrini hiyo, ukaongeza rangi hapa, ukapunguza pale, ukasema, "Mnaona? Mbona mimi naweza?" Ukasaini ichapwe, kimo cha mlango. Tumeichapa vilevile ulivyoipitisha. Tunaomba uifunue, uitazame vizuri, kisha utuambie barua ya uzembe wa macho tuiandike kwa jina la nani.

Mungu akujalie afya na moyo wa kusikia, naye aibariki kazi ya mikono yetu.

Ni sisi, wafanyakazi sita wa studio, Jicho akiwemo.