Mguu Wangu na Mguu wa Mzee Lemburis

Sifa ni za Bwana, ndugu zangu, asubuhi hii na kila asubuhi anayotupa. Nawasalimu washarika wote. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Mama Ndeshi, fundi cherehani wa Kimandolu. Wengi mnanifahamu kwa majoho, maana majoho ya kwaya hii yamepita mikononi mwangu. Mchungaji ameniomba niseme Bwana alichonitendea. Nami nimemwomba aniruhusu niseme chote, isiwe ile sehemu tamu peke yake.

Nilizaliwa Machame, nikaolewa hapa Arusha. Nilianza kushona zamani zile tulipokuwa tunapanga foleni kupata kitambaa. Baadaye biashara ikaachiwa huru, mitumba ikaingia, na mafundi wengi wa mtaa wetu wakafunga vibanda. Mimi nikashikilia majoho na sare za shule, kwa sababu mtumba wa joho la kwaya haupo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ndugu zangu, ugali wa nyumba yangu ulitoka miguuni.

Basi ugonjwa ukanijia hapo hapo miguuni. Ulianza nyuma ya mguu wa kulia, chini ya goti. Nikipanda kilima kutoka sokoni, msuli unakaza kama umefungwa kamba. Nikisimama kidogo unaachia, nikitembea tena unakaza. Nikasema ni baridi ya Julai. Nikasema ni umri. Nina kisukari, lakini nilikuwa nameza dawa zangu, nikaona inatosha. Kisha kiatu kikanichubua kidole, na lile chubuko likagoma kupona. Likawa kidonda, kidonda kikawa cheusi pembeni. Usiku nilikuwa nauning'iniza mguu kando ya kitanda ndipo nipate nafuu. Wapo walioniambia nimerogwa na fundi mwenzangu. Wapo walionishauri nifunge na kuomba. Nilifunga, sukari ikanishuka, nikaanguka juu ya mashine.

Mume wangu, Baba Ndeshi, hakubishana na mtu. Alinichukua akanipeleka hospitali ya rufaa. Tukamkuta daktari wa mishipa ya damu, binti wa Kimeru aliyekulia Makumira. Anaitwa Daktari Naomi.

"Shikamoo mama," akaniamkia, kisha akapiga magoti akaushika mguu wangu, akitafuta mapigo juu ya unyayo. Alitafuta kwa muda mrefu. Alipoinuka nikaona uso wake umebadilika.

"Mama, mshipa unaopeleka damu chini umeziba," akasema. "Mafuta na chokaa vimejijenga ndani ya kuta zake. Damu haifiki kwenye kidole, ndiyo maana kidonda hakiponi. Tukiacha hivi, tutalazimika kukata."

"Kidole?"

"Mguu, mama."

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani nikaketi mbele ya cherehani bila kuigusa. Nilikuwa naangalia kile kikanyagio. Binti yangu Ndeshi akaniuliza kama nataka chai, nikamwambia aifunike mashine.

Baada ya muda mfupi Daktari Naomi akatuita tena. Akasema alikosomea, India, kuna madaktari wanaofanya utafiti. Wanapitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, wenye puto dogo kwenye ncha yake. Puto likifika palipoziba linajazwa, njia inapanuka, halafu puto linatolewa.

"Shida ni kwamba mshipa una tabia ya kuziba tena," akasema. "Unajenga kovu pale ulipotanuliwa. Sasa wenzetu wamepaka puto dawa ya kuzuia hilo kovu. Dawa imefungwa ndani ya punje ndogo mno. Ncha ya sindano yako, mama, ni kama uwanja wa mpira kwa hizo punje. Puto likigusa ukuta wa mshipa, punje zinaingia ndani ya ukuta, zinabaki pale, zinaachia dawa polepole. Dawa inafanya kazi mahali palipo na ugonjwa, haizunguki mwili mzima."

Nikamshukuru Mungu pale pale. Nikasema hiyo ndiyo njia yangu ya kutokea. Lakini daktari alikuwa hajamaliza.

"Ni utafiti, mama. Kura itapigwa. Nusu ya wagonjwa watapata puto lenye dawa, nusu watapata puto la kawaida. Hutajua umepata lipi mpaka utafiti ufungwe."

Nikakasirika. "Kama dawa ni nzuri, kwa nini mnifiche? Nipeni mimi."

"Hatujui kama ni nzuri," akanijibu kwa upole. "Tungekuwa tunajua, tusingekuwa na haja ya kura."

Ndugu zangu, nilikubali kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Ninyi mlichanga mkatusafirisha mpaka India, na Bwana awarudishie. Tulikuwa watatu: mimi, Baba Ndeshi, na mgonjwa mwingine wa Daktari Naomi, Mzee Lemburis, mfugaji na mkulima wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, Mlutheri mwenzetu. Ugonjwa wake ulikuwa kama wangu, ila wake ulikuwa mguu wa kushoto. Alikuwa ameshindwa kuwafuata ng'ombe wake. Mimi nilimwamkia shikamoo, na yeye akaniita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Tangu ndege iliporuka nilikuwa na ombi moja tu. Bwana, kura iniangukie vizuri. Nipe puto lenye dawa. Niliomba hivyo asubuhi na jioni, nikiwa nimefumba macho na kukunja vidole.

Kule hospitalini palikuwa na benchi kwenye ukumbi, karibu na dirisha. Alasiri moja, kabla ya siku ya matibabu, nilimkuta mzee amekaa pale na kofia yake magotini. Nikamuuliza, "Mzee, wewe unaomba nini?"

"Naomba turudi nyumbani," akasema. "Na wewe yeyo?"

"Naomba nipate ile dawa mpya."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepima neno. Kisha akasema, "Na ile ya kawaida apate nani?"

Hakusema kwa kunilaumu. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza nani atalala wapi wageni wakija. Lakini lile swali liliniingia. Pale ukumbini walipita wagonjwa wengine wa utafiti ule ule, akiwemo mama mmoja wa Kihindi mwenye bandeji nene mguuni, kijana wake akimshika mkono. Nikaona kwamba kila nilipoomba puto la dawa, nilikuwa naomba lile jingine liende kwake, au kwa huyu mzee aliyekaa kando yangu. Na nilikuwa namwomba Baba yetu sote.

Sikuweza tena kuomba vile. Nikamwambia mzee, "Tuombe pamoja." Tukaomba, yeye kwa Kimaasai na mimi kwa Kichaga, maana mtu akibanwa hurudi kwenye lugha ya mama yake. Nikauweka mguu wangu mbele za Mungu, na wa mzee, na wa yule mama nisiyemjua jina. Nikasema, miguu hii yote ni yako. Na ndugu zangu, hofu iliyonikalia kifuani tangu siku ile daktari aliposema "mguu, mama" iliondoka. Kidonda kilikuwa bado wazi, bado kinanuka. Lakini mimi nilifunguliwa siku ile, kabla kidonda hakijafunga.

Kesho yake wakatutibu, kila mmoja kwa zamu yake. Nilikuwa macho. Nilisikia joto likishuka mguuni mpaka kwenye kidole, nikalia, na nesi akadhani naumwa.

Tulirudi nyumbani. Kidonda changu kilifunga. Nikaanza kukanyaga cherehani tena, kwanza kidogo, kisha kutwa nzima. Mliponiona nikipanda kilima mlinipigia vigelegele, na wengi mkasema, ile dawa mpya ya India ni muujiza.

Mzee Lemburis naye alitembea, akarudi kwenye ng'ombe wake. Lakini kabla mwaka haujaisha mguu wake ulianza kupoa. Mshipa ulikuwa umeziba tena. Walijaribu kuufungua, haukukubali. Wakaukata mguu chini ya goti.

Nilikwenda kumpa pole. Yeye ndiye aliyenikaribisha, akaagiza niletewe maziwa.

Utafiti ulipofungwa, Daktari Naomi akatuita sote wawili akatueleza. Mimi nilikuwa nimepata puto la kawaida. Puto lenye dawa alipata Mzee Lemburis.

Niliinamisha kichwa. Lile nililoliombea safari nzima lilikwenda kwake, na halikumfaa. Nikatamani daktari angenyamaza.

Mzee akauliza, "Basi dawa ni mbaya?"

"Hapana, mzee. Wengi imewasaidia. Lakini mshipa wako ulikuwa na chokaa nyingi, ukuta mgumu, zile punje hazikuweza kupenya. Tumejifunza kwamba mshipa wa namna hiyo lazima kwanza chokaa ivunjwe."

"Mmejifunza kwangu?"

"Kwako, na kwa wengine kama wewe."

Akafikiri. "Akija mwingine mwenye mshipa kama wangu, mtaanza na chokaa?"

"Tutaanza na chokaa."

"Basi sawa," akasema.

Ndugu zangu, najua wapo waliotaka nisimame hapa niseme, niliomba nikapewa, nanyi ombeni mtapewa. Siwezi kusema hivyo. Sijui kwa nini mimi ninakanyaga cherehani na mzee anatembea na mguu wa bandia. Sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba Bwana alikuwa nasi sote wawili pale kwenye benchi, na hajatuacha hata mmoja. Yeye ninamwamini, hata pale nisipomwelewa.

Kwa hiyo namshukuru. Nawashukuru ninyi, namshukuru Baba Ndeshi, nawashukuru madaktari wanaokubali kusema hatujui. Na wewe uliyekaa hapo, ambaye mguu unakukaza ukipanda kilima, usisingizie baridi. Nenda ukapimwe. Na wewe ambaye umebeba hofu usiyoweza kumwambia mtu, mpe Bwana leo, kabla hujaona jibu. Mpe na ya jirani yako.

Nimesema yangu. Mzee Lemburis amesafiri tangu alfajiri kuja kwenye usharika wetu, na yeye ana ushuhuda wake. Nampisha. Msaidieni pale kwenye ngazi, ndugu zangu, kisha mumsikilize.