Kuku Ndani ya Kifuniko: Risala ya Mafundi wa Masanduku

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, pamoja na wote mlioandamana naye,

UKARIBISHO
Karibu karakana. Tumefagia maranda tangu asubuhi. Yatakayonasa kwenye suruali yako, utuwie radhi.

TULIKOTOKA
Tulianza mafundi wanne na msumeno mmoja. Leo tuko kumi na tisa. Katika wale wanne amebaki Fundi Penseli, aitwaye hivyo kwa kuwa penseli haimbanduki sikioni hata msibani. Kila sanduku analomaliza huchora kuku mdogo ndani ya kifuniko. "Ili tukikutana ugenini nimjue," husema.

MAFANIKIO
Miaka sita hatujarudishiwa sanduku hata moja.

Mwezi uliopita tulikwenda sote ukumbi wa jirani kutazama filamu ya hali halisi kuhusu viwanda vya silaha. Wenye viwanda walionyeshwa wakiziuzia pande zote mbili, kisha wakisikitika mbele ya kamera kwamba vita haviishi. Likaja sanduku, linafunguliwa kando ya mzinga.

"Jamani, kuku wangu yule!" Fundi Penseli akapaza sauti.

Tukacheka, tukampigia makofi. Ndipo tukayaona makombora yaliyolala ndani. Sisi tuliambiwa ni vipuri vya pampu za maji. Tuliona aibu, Mheshimiwa.

CHANGAMOTO
Wiki iliyopita ikaja oda ya masanduku arobaini, vipimo vilevile. Fundi Penseli akaweka nyundo chini, akamwuliza msimamizi, "Haya ya kubebea nini?"

"Wewe piga misumari."

"Nitapiga, mwanangu, lakini niambie kwanza."

Alipewa barua ya kusimamishwa kazi. Kesho anaitwa kujieleza, na tunasikia uamuzi umeshaandikwa.

MAOMBI
Tuna matumaini makubwa nawe, maana wewe mwenyewe ulianza kwa kushika randa. Tunaomba barua hiyo ifutwe, na kila oda itaje inakwenda kubeba nini.

Masanduku arobaini yako nyuma yako, hayajapigiliwa vifuniko. Ukituambia ni ya dawa au vitabu, tutayafunga kabla hujamaliza chai. Ukituambia ni ya yale ya kwenye filamu, tunaomba barua nyingine kumi na nane ziandikwe leo hii. Majina tumeyaambatanisha, karani asihangaike.

Mungu akujalie afya, na wepesi wa kutujibu.

Ni sisi,
Mafundi kumi na tisa wa Karakana ya Masanduku, Fundi Penseli akiwemo.