Landrova ya Kuresoi Imekosa Pumzi

Kijiwe chetu kiko Bondeni, hapa Nakuru, kwenye kona ambapo ukuta wa gereji ya Odero unapata jua la asubuhi. Zamani tulikuwa na benchi moja tu ya mbao, na aliyechelewa alikunywa kahawa akiwa amesimama. Tangu Februari tuna viti vya kutosha, kwa sababu landrova ya Kiprugut imepandishwa juu ya mawe ndani ya gereji, na tairi zake nne zimelazwa hapa nje, tunazikalia. Ni tairi nzuri za kukalia. Zimelainika, hazina meno ya kukufinya, na Mburu aliwahi kusema kwamba hata kiti cha meneja wa benki hakizifikii. Kadija huweka jiko lake katikati, birika la kahawa ya tangawizi linachemka, na sisi tunaanza kazi yetu ya kila siku, ambayo ni kujua kila kitu.

Mimi ni Ubaid. Nauza gasketi, boliti na mikanda kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Nasema mapema kwamba mkanda uliofungwa kwenye injini ya hiyo landrova niliuuza mimi, ili nisije nikawasimanga wenzangu halafu nikajificha.

Kiprugut ni mkulima wa viazi kule Kuresoi, na landrova yake ya petroli ndiyo gari pekee kijijini kwao linalothubutu barabara mvua ikishanyesha. Imebeba viazi, wagonjwa na maiti. Mwaka jana, mwezi wa tano, mkewe alishikwa na uchungu mchana wa mvua kubwa. Gari likakwama kwenye mlima wa mwisho kabla ya kufika lami, na hapo wakakaa mpaka trekta la jirani lilipowafikia jioni. Mtoto alizaliwa ndani ya gari na hakulia. Kiprugut alitusimulia mara moja tu, hapa hapa, ameshika kikombe bila kunywa. Alisema gari lilikosa nguvu. Hakuongeza neno, na sisi hatukuuliza neno. Sasa mkewe ana mimba tena, amebakiza wiki mbili, na mawingu ya masika yameshatanda upande wa milima ya Mau.

Odero ndiye aliyesema dawa ni supachaja. Huyu tunamwita Pistoni. Babu yake alikuwa fundi wa reli, baba yake vilevile, na yeye huzungumzia injini kama mtu anayezungumzia wajomba zake. Alitueleza kwamba kule juu Kuresoi hewa ni nyepesi, injini inahema kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Supachaja ni pampu inayofungwa juu ya injini, inazungushwa na mkanda, na kazi yake ni kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Ikipata hewa nyingi inakula petroli nyingi, na ikila vizuri inavuta vizuri. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na hata leo ni ya kweli. Hapo ndipo panaponiuma.

Alipata supachaja iliyotumika, ya gari la aina nyingine kabisa. Miezi miwili alikata vyuma, akachomelea, akapima, akakata tena. Jumatatu ya wiki hii ikawa tayari kujaribiwa. Alitoka nje kuchukua tairi, akatukuta tumezikalia na kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, hakuna aliyetaka kusimama, basi akaazima magurudumu ya gari la mteja mwingine yaliyokuwa mapya. Wakapanda nayo njia ya Menengai. Mburu, aliyekaa kando yake, anaapa kwamba kwa dakika kumi ile landrova ilipanda kama kijana anayekwenda kwa mchumba. Halafu ikaanza kugonga ndani, ikatoa moshi, na ikarudi Bondeni kwa kamba.

Leo ni Alhamisi, na Kiprugut anakuja kuchukua gari lake. Pistoni ya tatu ya injini ina tundu linalopitisha kidole gumba. Odero ameiweka kwenye benchi, juu ya gazeti, na kila mtu ameishika na kuirudisha.

Mburu ndiye aliyeanza. Anaendesha bodaboda, lakini tunamwita Yutubu kwa sababu hakuna kitu ambacho hajakitazamia video.

— Hiyo ni petroli, wazee. Petroli ya siku hizi imechanganywa na mafuta ya taa. Supachaja haitaki mchezo.

— Petroli nilijaza mimi mwenyewe, Odero akasema. Ilikuwa safi.

— Basi ni Menengai. Si kule wanachimba mvuke? Hewa ya pale inatoka chini ya ardhi, imeiva tayari. Supachaja imevuta hewa moto, ikaipeleka ndani, unategemea nini?

Mzee Gelle alicheka, akakohoa. Huyu aliendesha lori la kwenda Lodwar miaka ishirini na minane, ndiyo maana jina lake la kijiweni ni Lodwar, na hakubali kwamba kuna jambo la magari lililotokea duniani baada ya yeye kustaafu. Alisema kosa ni kuijaribia Nakuru. Injini iliyozoea hewa ya Kuresoi imeishi na njaa maisha yake yote. Ukiileta mjini, ukaishindilia hewa, ni kama mtu aliyefunga siku nyingi ukampa mguu wa mbuzi. Ingejaribiwa kule kule kwao ingekubali.

— Kwa hivyo injini inajua kwao? Kadija akauliza, bila kuinua macho kwenye birika.

— Inajua, mama. Lori langu lilikuwa likifika Kainuk, njia ya Lodwar, linabadilisha sauti.

Mburu akasema yeye ameona video ya Mwarabu mmoja jangwani aliyefunga supachaja mbili, moja ya kusukuma hewa na nyingine ya kuipoza hewa ya ile ya kwanza. Nilidhani Odero atamfukuza. Badala yake alitoa kalamu na kuanza kuchora pembeni mwa gazeti. Gelle akasema zikiwa mbili lazima boneti ikatwe. Mburu akasema boneti iondolewe kabisa, injini ipigwe na baridi. Gelle akauliza mvua je, Mburu akamjibu kwamba maji ni hewa pia, ukiangalia vizuri.

Na mimi sikunyamaza. Nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba tungeweka mkanda mpana zaidi, na kwamba ninao mmoja kibandani. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

— Mnaongea kama hilo gari ni lenu, Kadija akasema.

Wakati huo Kiprugut alikuwa anavuka barabara.

Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mkewe, ambaye hatukuwahi kumwona, ametoka kliniki na kadi yake mkononi, anatembea polepole na mkono mmoja kiunoni. Kiprugut akatuambia huyu ni Cheptanui. Kadija akaondoa pistoni na gazeti lake kwenye benchi, akapangusa mbao kwa kanga, akamkalisha na kumpa kikombe. Sisi wanaume tukabaki kwenye tairi zetu.

Odero hana uongo, hilo nampa. Alimwambia mteja wake kila kitu: kwamba ilipanda vizuri, kwamba ikagonga, kwamba pistoni imetoboka na silinda imekwaruzwa vibaya. Kiprugut alisikiliza akiangalia mikono ya Odero badala ya uso.

— Kwa hiyo itatoka lini, fundi?

— Wiki tatu, boss. Nikipata silinda bloki nyingine. Labda nne.

— Ondoa hiyo pampu basi. Nirudishie vile ilikuwa.

— Vile ilikuwa haipo tena.

Kiprugut alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Alisema wiki tatu barabara yao itakuwa tope tupu, na kwamba pikipiki haziwezi, na trekta la jirani liliuzwa. Alisema kule juu kuna wanawake wengine wawili wanaokaribia kujifungua na wote wanamtegemea yeye. Alisema, na sauti yake ilikuwa imeisha kabisa, kwamba alipoileta hapa ilikuwa mbovu lakini ilikuwa inatembea. Mkewe alimtazama bila kumgusa. Sijawahi kumwonea mtu huruma huku nikitamani aondoke, lakini leo nilihisi yote mawili.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Sisi tulianza kumfariji kwa tunachokijua. Odero akaeleza upya habari ya hewa nyepesi. Gelle akaongeza habari ya injini yenye njaa. Mburu akachukua lile gazeti, akamwonyesha mchoro wa supachaja mbili, akamhakikishia kwamba mwaka kesho landrova hiyo itapanda ukuta. Kiprugut aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Niligundua kwamba anatuamini, kwamba anataka kutuamini kuliko tunavyojiamini.

Cheptanui aliweka kikombe chake kwenye benchi.

— Naweza kuuliza kitu? Mimi sijui mambo ya magari.

— Uliza, mama, Odero akasema. Hapa ndipo pa kuuliza.

— Ile siku nilikuwa nimelala huko nyuma. Sikuona kitu. Lakini injini nilisikia. Ilikuwa inanguruma sana, mpaka nikaziba masikio na blanketi. Ilinguruma hivyo saa nzima na haikuzima hata mara moja. Sasa kama haikuwa na nguvu, ilikuwa inazungusha nini?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Alimtazama Odero, akamtazama Gelle, akamtazama Mburu, akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri jibu kwa moyo wote.

Fundi yeyote wa Bondeni anajua jambo hilo, hata mimi muuza boliti nalijua. Injini iliyokosa pumzi haingurumi. Inakohoa, inatetemeka, inazima. Injini inayonguruma saa nzima gari likiwa limesimama ina nguvu zake zote, na inazimaliza kwenye magurudumu yanayozunguka bure juu ya tope. Injini ile haikuwa na kosa. Miezi miwili tumeifungua, tumeikata, tumeifungia pampu ya watu wengine na kuiua, na ilikuwa nzima. Na Jumatatu ilipopanda Menengai kwa dakika kumi, ilipanda kwa tairi za kuazima.

Kiprugut alikuwa ameinamisha kichwa pale ukingoni, hamtazami mkewe. Nikaelewa kwa nini alisimulia mara moja tu na kwa nini alilisema neno lile tu, nguvu. Hewa nyepesi ya Kuresoi ni kazi ya Mungu. Tairi zilizoisha ni za mwenye gari. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na alizisikia zikizunguka.

Gelle alitaka kusema kitu cha Lodwar, akakiacha. Mburu alilikunja gazeti lenye mchoro mara nne akalitia mfukoni. Odero akainama, polepole, mkono wake ukashuka kando ya paja lake mpaka kwenye ile tairi aliyokuwa amekaa juu yake asubuhi yote. Akapitisha kiganja, mbele na nyuma, kama anayempapasa mgonjwa. Ilikuwa laini kama sufuria. Halafu akasimama na kusogea pembeni. Mburu naye akasimama, na mzee Gelle akanyanyuka akishikilia ukuta.

— Hamjui? Cheptanui akauliza.

Kadija aliinua birika amwongeze, ikatoka kidogo tu, nyeusi ya chini, akamwambia pole mama, kahawa imeisha. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka barabarani. Mimi nilikuwa bado nimekaa, wa mwisho, na tairi ya nne ilikuwa na joto langu.