Milioni Moja na Tatu: Kumkumbuka Mwalimu Onyesha Njia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi wake walimbatiza Onyesha Njia. Ukimletea jibu sahihi bila hatua zake, unapata sifuri. Sifuri kabisa!

Mwalimu huyu alikuwa na namba yake kipenzi: milioni moja na tatu. Alisema ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini kusema si kuthibitisha. Sharti uigawanye kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja. Kupita hapo hakuna haja, maana kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo.

Kazi hiyo aligawana na mdogo wake, mwanamke mwokaji mikate. Mwalimu, dada mtu, alichukua zilizo chini ya mia tano, mdogo mtu zilizobaki. Mwalimu aligawanya ubaoni. Mwokaji aligawanya kwa kidole, kwenye unga juu ya meza ya kukandia.

Siku moja mwalimu akaingia dukani kwa mdogo wake.

"Umefika wapi?"

"Karibu namalizia, dada. Zote zinaacha baki."

"Onyesha njia."

"Njia? Si nimeshaikanda! Watu wameila na chai."

Wateja wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akasema mbele yao wote, "Basi umekisia."

Lo! Maji yakimwagika hayazoleki. Mwokaji alimwonyesha dada yake mlango, na miaka ikapita hawasemezani.

Mwana wa mwalimu anatusimulia: "Nilimwambia mama, simu itakujibu sasa hivi. Akanijia juu: 'Kwani nimeiuliza simu?' Nikasema, basi gawanya mwenyewe. Akasema, 'Nusu ile si yangu. Nikiigusa, nitakuwa nimemwita mwongo mara ya pili.'"

Mwalimu akaugua, akalazwa. Ndipo mwokaji alipoingia wodini na sinia na kimfuko cha unga.

"Nilibakiza mia tisa tisini na saba makusudi," alisema. "Ndiyo ya mwisho. Nilijua utakuja kuidai. Hukuja, mbishi wewe!"

"Nisamehe, mdogo wangu," mwalimu akasema, machozi yakimtoka. "Ila onyesha njia."

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia.

Mwokaji akatandaza unga kwenye sinia, akagawanya polepole, dada yake akifuata kila hatua. Inaingia mara elfu moja na tatu, baki kumi na mbili. Naam, wasikilizaji: milioni moja na tatu ni namba tasa. Mwalimu akanyoosha kidole, akachora alama ya vema kwenye unga.

Ametutoka Alhamisi. Pole sana mwokaji, pole mwanawe, poleni wanafunzi wake wote. Nasi tulio hai tujiulize: ni nani tuliyemwambia "umekisia", na hadi leo hatujamwendea?

Sinia lile liko juu ya kabati la mwokaji, na unga wake vilevile.

"Mama mdogo, litaingia vumbi," mwana wa marehemu amemwambia.

"Liingie tu," amejibu. "Vema yangu hiyo. Haifutwi."